Sinema Ulizoniletea na Kibuyu cha Watu wa Rugu

Mabira, Kyerwa,
Kagera.
Tarehe 18 Juni, 2024.

Mpendwa mjukuu wangu Deodatus,

Kwanza nakusalimu. Ungekuwa hapa ungepiga goti ukaniamkia, nami ningekuitikia. Kwa kuwa uko Mtwara, pokea marahaba yangu mapema. Shikamoo yako utaileta mwenyewe ukija. Habari za afya? Habari za kazi yako ya umeme? Nikuze mke wako hajambo? Na Mucyo kitukuu changu, meno yamefika mangapi? Nilimsikia kwenye simu anakohoa. Mvalisheni soksi. Najua Mtwara ni joto, lakini mtoto ni mtoto.

Sisi huku tu wazima. Magoti yangu yana kauli yao asubuhi, lakini jua likipanda yananyamaza. Kahawa imeiva vizuri mwaka huu, uwanja wote umetandikwa mikeka, mtu akitaka kupita lazima aruke kama mbuzi. Ule mnyauko uliokula migomba ya jirani haujavuka kuja kwangu, na sababu ni kwamba mimi panga langu naliunguza kwenye moto kabla ya kukata, wao hawaunguzi. Nimewaambia. Hawasikii.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Evaresta dada yako alitaka kuniandikia, nikamkatalia, kwa sababu huwa anasawazisha maneno ya watu. Mimi nikisema mjinga, yeye anaandika hakuelewa vizuri. Darasa la nne nililosoma linanitosha. Herufi zikipinda, na wewe pinda nazo.

Najua baba yako mdogo Elipidius alikupigia simu akakuambia bibi amevunja uchumba wa Evaresta kwa ajili ya tivii uliyomletea. Najua pia na wewe ukapiga, na mama yako Jovitha akakuambia niko shambani. Sikuwa shambani. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nakusikia. Sikutaka kuongea, nilikuwa na hasira na watu wote, na mimi mwenyewe nikiwemo. Sasa sikiliza upande wangu, na usiruke ukurasa ukatafuta mwisho, nakujua.

Nianze na tivii yenyewe, maana hata asante sijakupa sawasawa. Asante. Tangu Krismasi ulipofunga ile sola na dishi, nyumba yangu haina tena kona ya mtu kukaa peke yake. Jirani yangu Nyirabahire akishafunga mbuzi wake anakuja. Kigoda chake alikileta kichwani siku ya kwanza, na kukitoa hapa hataki, anasema kimeshazoea. Jovitha anachambua maharage huku anatazama, ndiyo maana siku hizi tunatafuna mawe.

Ila sinema zenyewe, mume wangu, ulinisifia kama mtu anayeuza mbuzi mgonjwa.

Chukua hizi za kupigana. Mtu mmoja anapiga watu arobaini. Wale arobaini wana mapanga, lakini wanakuja mmoja mmoja, wengine wanasubiri zamu huku wanarukaruka, kama foleni ya mashine ya kusaga. Wangekuwa watu wa Mabira wangemkamata miguu yote miwili, habari ikaisha, tukalala. Na mmoja akipigwa risasi ya kifua hafi. Anashikwa kichwa, anahutubia kuliko diwani, anataja na mahali dhahabu ilipofichwa, ndipo anakufa. Lakini yule kijana anayetafsiri kwa Kiswahili juu kwa juu, huyo nampenda. Mwanamume akisema ni yeye, mwanamke akilia ni yeye, mbwa akibweka anatueleza mbwa amesema nini. Akichoka anaacha kutafsiri anawasalimia rafiki zake wa Mbagala. Na sisi tunaitikia.

Za Wanaijeria zina nyumba kubwa zenye ngazi ndani, na watu wake hawajui kugombana mahali pengine isipokuwa juu ya ngazi. Nasema kila siku, shukeni chini mgombane, mtu asije akaanguka. Wiki iliyopita mmoja akaanguka.

Za hapa kwetu Tanzania ndizo zinanitia aibu zaidi, kwa sababu hao wanajua na wanadanganya. Binti anaigiza maskini wa kijijini, kabeba ndoo ya maji kichwani. Ndoo haina maji! Mimi nimebeba maji tangu nina miaka sita, shingo haidanganyi. Akageuka kumwangalia mwanamume, ndoo ikageuka naye kama kofia. Halafu kucha nyekundu. Halafu akashika jembe kama anafagia. Nilimpigia kelele mpaka Nyirabahire akaniambia, "Mama Elipidius, hakusikii huyo." Nikamjibu, "Ndiyo maana yuko hivyo, hakuna aliyemsema."

Jambo jingine, watu wa sinema hawali. Meza imejaa kuku, wali, matunda, wanakaa, mmoja anasema neno, mwingine anasimama, wote wanaondoka. Chakula kile kinakwenda wapi? Na hawasalimiani. Mtu anaingia nyumba ya watu kwa haraka anasema, "Nimejua siri yako." Hodi iko wapi? Umeamkaje iko wapi? Siri ingekimbia kama angeuliza kwanza habari za watoto? Na wakifiwa wanavaa miwani nyeusi, wanadondosha udongo kidogo kwa vidole viwili, kesho yake yuko ofisini. Hakuna aliyelala msibani, hakuna aliyeleta hata mkungu mmoja. Watu wa namna hiyo wakilia siwaamini.

Lakini moja niliipenda, siwezi kusema uongo. Ile tamthilia ya huko Asia, yenye majumba ya mbao na mavazi ya mikono mipana. Kulikuwa na mama wa mfalme, kikongwe, Malkia Mama. Huyo alinifaa. Hapigi kelele, hakimbii. Akiweka kikombe chini taratibu, mawaziri wote wanatetemeka. Nilijaribu kwa Elipidius alipokuja kula. Nikaweka kikombe chini taratibu, nikamtazama. Akaniuliza kama chai imepoa.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanzia. Malkia Mama alikuwa na shemeji, mwanamume mmoja wa meno meupe na kicheko cha polepole. Siku moja akaja na kinywaji, akammiminia, akampa kwa mikono miwili, anatabasamu. Hakuonja. Kwetu unajua mwenyewe, anayeleta kinywaji anavuta mrija kwanza, mbele ya macho ya mpokeaji, ndipo anakabidhi. Baba yako Protase, Mungu amrehemu, nilimfundisha hivyo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Nikasimama nikapiga kelele, "Hajaonja! Usinywe!" Nyirabahire akacheka, akasema huko kwao hawaonji. Nikamwambia, basi huko kwao watakufa.

Kesho yake jioni tukafungua, Malkia Mama amelazwa, uso umefunikwa.

Asubuhi sikwenda kupalilia. Jovitha akaja kuniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, kuna msiba. Akaenda kucheka nyuma ya jiko, akidhani sisikii. Mwache acheke. Lakini habari ikatembea, na wanawake wa kwenye mashine wakaanza kuniuliza tamthilia zao zitaishaje, nani mbaya, nani ataolewa. Nikawa nawajibu, na mara nyingi napata. Kichwa changu kikavimba, Deodatus. Nakiri hapa kwa kalamu.

Siku ya nne baada ya msiba ule, Jumamosi tarehe mosi Juni, wakaja watu wa Rugu kumposa Evaresta.

Kijana mwenyewe ni Egbert, bwana mifugo, aliyekuja mwaka jana kuchanja ng'ombe wetu. Akachanja, akaondoka, akarudi mara tatu kuwatazama. Ng'ombe mzima anatazamwa mara tatu? Nilijua tangu mara ya pili. Sina neno naye, anasalimia vizuri, na ng'ombe wanamtii. Wao ni Walutheri, sisi Wakatoliki, hilo paroko na mchungaji walishalizungumza likaisha.

Wakaja wanaume watatu, Egbert akabaki nyuma kama desturi inavyotaka. Msemaji wao ni baba yake mkubwa, anaitwa Cleophace, mtu mrefu, mpole. Elipidius na wazee wenzake wamekaa, mimi niko kwenye kiti changu, majani mapya yametandazwa chini, Evaresta na mama yake wako jikoni wanamenya ndizi. Maneno yakaenda vizuri. Mwisho Cleophace akainuka na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, shingo imefungwa jani la mgomba, harufu yake niliisikia kabla hajafika. Akapiga goti, akanipa kwa mikono miwili. Anatabasamu. Meno meupe.

Hakuonja.

Nikamwambia, "Onja."

Akacheka kidogo, taratibu. "Bibi, pokea tu. Hiki tumekileta kwa ajili yako."

"Nimesema onja."

Akatazama chini. Wenzake nao wakatazama chini. Elipidius akakohoa kile kikohozi chake cha kuniambia ninyamaze, ambacho hakijawahi kufanya kazi tangu azaliwe. Mbele ya wazee wote nikasema, "Kinywaji ambacho mletaji anakiogopa, mimi sikinywi, na mtoto wangu haendi kwenye nyumba kinakotoka. Rudini nacho."

Wakainuka. Hawakusema neno baya hata moja. Wakabeba kibuyu chao, wakaaga mmoja mmoja, tena wakaniamkia wakati wa kuondoka. Kule jikoni visu vilikuwa vimenyamaza.

Elipidius alipopata sauti yake alisema mengi, mengine umeshayasikia. Akapanda juu ya paa akalizungusha dishi likatazama Rwanda, akasema tivii imeniharibu akili. Nikamjibu kwamba akili yangu amenikuta nayo na ataniacha nayo. Nilijiona nimeshinda. Nilikaa pale kama Malkia Mama kabla hajafa.

Lakini Evaresta hakusema kitu. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Angelia ningemkaripia, tungegombana, tungemaliza. Yeye alinipakulia chakula, akaniletea maji ya kunawa, akapiga goti, akaondoka. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akipita na kahawa hata wimbo haimbi, na unajua mtoto huyo anavyoimba hata akifua. Nyumba ikawa na ukimya kama wa ghala.

Siku ya tatu Jovitha akakaa karibu nami, akasema bila kunitazama, "Mama, Cleophace ameokoka. Ni mwaka wa kumi na mbili hajatia pombe mdomoni."

Nikamwambia Walutheri ninaowajua mimi hapa Mabira wanakunywa vizuri tu.

"Hao ni hao. Yeye ni mlokole, na nyumba yake yote."

"Sasa mlokole anabeba rubisi ya nini?"

Akasema, "Waliambiwa wewe, ugeni usio na rubisi huuhesabu kuwa ugeni."

"Nani aliwaambia?"

"Evaresta."

Mjukuu wangu, nilishika mdomo. Kwa sababu ni kweli, nimesema hivyo maisha yangu yote, tena kwa sauti. Mtoto alitaka nifurahi, akawaambia. Na wale watu, walokole, wakaenda kutafuta pombe kwa majirani, wakabisha hodi mlango hadi mlango wakiwa wamebeba kibuyu, huku watu wa kanisani kwao wanawaona. Wakameza aibu hiyo yote kwa ajili ya bibi mmoja wa Mabira wasiyemjua. Na bibi huyo akawafukuza.

Elipidius anasema kosa ni la tivii. Sikubali. Tivii haikunifundisha desturi ya kuonja, nilizaliwa nikaikuta. Na desturi nayo haina kosa. Kosa ni kwamba niliuliza kama hakimu, sikuuliza kama mama. Ningesema, "Mwanangu, mbona huonji?" angenijibu, tungecheka, tungekula ndizi. Basi. Hilo nimelielewa mwenyewe, hakuna aliyenifundisha.

Nikaamua kwenda Rugu. Elipidius akaruka juu. "Mama, tangu lini upande wa binti unafuata upande wa mume? Watasema tunamtembeza." Nikamwambia binti habanduki hapa, anayekwenda ni mwenye kosa, na mwenye kosa hana upande.

Pombe hawanywi, sawa. Lakini mramba, maji matamu ya ndizi mbivu ambayo hayajachacha, nani aliyeokoka akaukataa? Nikaivisha ndizi zangu bora shimoni, na zilipoiva nikaamka alfajiri, mimi na Nyirabahire tukakamua kwa majani kwa mikono yetu, maana ningewaita wanaume kijiji kizima kingejua. Ukatoka mramba mzuri, wa rangi ya asali. Jovitha akaleta dumu alilolisugua kwa mchanga. Nikamwuliza, mimi niende kuomba radhi na dumu la mafuta ya kula? Nikashusha kibuyu cha babu yako, kile cha shingo ndefu. Jovitha akasema, "Mama, hicho kimelala na rubisi miaka thelathini." Nikamwambia nimekiosha. Akafunga mdomo. Anajua kufunga mdomo wakati ambao si wake wa kufunga.

Tukapanda bodaboda ya Aimable, yule kijana wa Nyakatuntu, mimi katikati, Jovitha nyuma, kibuyu mapajani. Aliendesha taratibu kama amebeba maiti, nikamwambia mimi bado nipo hai, ongeza. Barabarani tukapata gari mpaka Kayanga. Pale Kayanga tukasubiri sana boda ya kwenda Rugu, jua likituchoma kichwani, na kibuyu kikaanza kusema. Ssss. Jovitha akainama, akasikiliza, akasema, "Mama, kinapumua." Nikamjibu hata mimi napumua. Mbele kidogo, kwenye makorongo, jani la kufungia likaruka likanipiga kidevuni. Nikalirudisha, nikalishika kwa kiganja, nikatazama mbele.

Tuliwakuta Cleophace na mkewe wanachagua kahawa kwenye mkeka. Waliponiona walisimama wote wawili, wakakimbia kutupokea mizigo, wakatupa viti, wakatupa kahawa ya kutafuna, wakauliza habari za migomba. Hakuna aliyetaja Jumamosi. Afadhali wangenifokea.

Nikakataa kiti. Nikapiga goti, mimi, kwenye magoti haya unayoyajua, nikasema, "Mlikuja kwangu kwa heshima nikawafukuza kama wezi. Nilikosa." Neno hilo nimeliandika hapa ulione kwa macho, maana najua ungesimuliwa usingeamini. Mke wa Cleophace akataka kuniinua, nikamwambia subiri, sijamaliza. Nikachukua kibuyu, nikatia mrija, nikasema, "Huu ni mramba, hauna pombe. Naonja, ndipo nawakabidhi." Nikavuta.

Deodatus, uliniuma ulimi.

Ulikuwa umechacha. Si kidogo. Ile safari, lile jua, na kile kibuyu cha babu yako vilikuwa vimefanya kazi yao, nami nimepiga goti hapo na shavu limejaa, na Cleophace amekwisha kunyoosha mikono yote miwili kupokea. Ningeweza kumeza nikatabasamu. Na yeye angekunywa, nilimwona usoni. Angevunja miaka yake kumi na miwili ili asinitie aibu mara ya pili. Jovitha alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mti unaanguka.

Nikameza, nikapiga kelele, "Usinywe! Umeshakuwa pombe!"

Cleophace akashusha mikono, mabega yakaanza kutikisika, na kumbe kicheko chake cha polepole kikiachiwa si cha polepole hata kidogo. Alicheka mpaka akafuta macho. "Bibi," akasema, "sisi tulileta pombe ukaikataa. Sasa umeleta yako mwenyewe na hiyo pia unaikataa!" Mkewe akakaa chini kwenye kahawa. Jovitha naye, aliyeniambia kuhusu dumu, alicheka kuliko wote, na siwezi kumsema, kwa sababu aliniambia.

Kibuyu kikaitiwa jirani yao, Mkatoliki mwenzangu, akakipokea kwa mikono miwili wala hakuuliza swali. Mke wa Cleophace akaleta maji ya kunywa kwenye kikombe. Cleophace akayapokea, akanywa funda moja mbele yangu, polepole, akanitazama, akanipa. Nikanywa yote. Yalikuwa maji ya kisima tu, yana chumvichumvi, lakini nilikunywa mpaka nikakipindua kikombe waone.

Tuliporudi, Jovitha alianza kusimulia hata kabla hajavua viatu. Evaresta alikuwa anaanua kahawa. Alisikiliza, ungo mkononi, uso mkavu. Jovitha alipofika kwenye jani lililonipiga kidevuni, mdomo ukaanza kumcheza. Alipofika kwenye "usinywe", ungo ukaanguka, kahawa yote ikamwagika, naye akakaa juu yake anacheka na machozi yanamtoka. Halafu akanigeukia akanisema! Mimi! "Bibi, mzee mzima, unapanda bodaboda watatu na kibuyu? Ungevunjika je?" Akanigombeza mpaka jua likazama. Sijawahi kusikia sauti tamu kama hiyo, na nilimwambia akome.

Jumamosi iliyopita, tarehe kumi na tano, wakarudi. Safari hii Egbert mwenyewe alikuwa amesimama kule kwenye migomba, akidhani hatumwoni. Cleophace alileta maziwa mabichi, akaonja mbele ya watu wote, kwa sauti, funda kubwa kama la ndama, wazee wakacheka. Elipidius akamwita Evaresta akamwuliza, hawa watu tuwapokee? Binti anatakiwa ajibu chinichini, ainamishe kichwa. Yeye akajibu, "Wapokeeni!" mpaka Nyirabahire akasikia kwake ng'ambo ya kibanja, na akapiga vigelegele huko huko aliko. Hana adabu mtoto huyo. Sijui kairithi wapi.

Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, kahawa ikishauzwa. Sasa hili ndilo nililokuwa nakuandikia. Baba yenu Protase hayupo. Elipidius yuko tayari kusimama mahali pake, na atasimama vizuri, ameshanunua hata koti. Lakini juzi nilimkuta Evaresta anajaribu kutembea, kutoka mlangoni kwangu mpaka njiani, polepole, mkono mmoja ameukunja hivi, kama mtu aliyeshika mkono wa mwenzake. Nikamwuliza ameshika nini hapo. Akasema, "Nampima Deo, Bibi. Yeye hatua zake ni ndefu, nataka nisimkimbilie."

Basi njoo. Omba ruhusa mapema, usiniambie umeme wa Mtwara. Njoo siku mbili kabla, mjizoeze kutembea.

Nisalimie Nikuze sana, mwambie nilimpenda tangu siku ya kwanza ingawa sikumwambia. Mbusu Mucyo. Mama yako Jovitha anakusalimu, Elipidius anakusalimu na anasema alilirudisha dishi, Nyirabahire anakusalimu na kigoda chake. Kwenye kifurushi kuna kahawa ya kutafuna na senene wa kukaanga. Usiwape watu wasiojua kuwala, wataharibu.

Mungu akulinde njiani na kazini, akuongezee siku, na azifupishe kidogo hizo hatua zako.

Ni mimi bibi yako nikupendaye hata nikifoka,

Kokwijuka.